Safu Moja ya Fomu



Niko na rafiki mmoja anayeandika programu za ordinateri na za simu. Tulikaa benchi moja sekondari, kisha yeye akafuata informatiki, mimi nikafuata agronomia, kila mtu na tope lake. Jioni tukikutana, mazungumzo yanaanza na bei ya mega, yanapita kwa umeme uliokatika tangu asubuhi, na mwisho yanafika palepale: politike. Hapo yeye anarudi nyuma. "Miye naandikaka tu programu," anasema. "Politike iko na benyewe. Mashine haina chama."

Hilo neno, mashine haina chama, nililikubali kwa miaka mingi. Leo sikubali tena. Na kwa kueleza sababu, nitapita katika historia ya kitu kidogo sana ambacho sisi wote tumeshajaza: safu moja ya fomu. Jina, umri, dini, kabila, ukubwa wa shamba. Ile nafasi ndogo unayojaza haraka ili umalize, uende zako.

Tuanze na Marekani, kwa sababu kule ndiko kazi ya rafiki yangu ilipata babu yake. Katiba ya nchi ile inadai watu wahesabiwe kila miaka 10. Hesabu ya mwaka 1880 ilikusanywa vizuri, lakini kuchambua makaratasi yote kwa mkono kulichukua karibu miaka 8. Watu waliona hatari: nchi inakua, na siku moja hesabu mpya itaanza kabla ya ile ya zamani kumalizika.

Katika ile kazi ya 1880 alikuwemo kijana mmoja aliyetoka tu shuleni, Herman Hollerith, mhandisi, aliyezaliwa mwaka 1860. Wazo lake moja lilitoka kwa kondakta wa treni. Wakati ule makondakta walikuwa wanatoboa tiketi kwa namna ya kuonyesha sura ya msafiri, rangi ya nywele na mambo kama hayo, ili mtu mwingine asije akaitumia. Hollerith akajiuliza: kwa nini kila raia asiwe na karti yake yenye matundu? Tundu hapa maana yake mwanaume, tundu pale mwanamke, tundu lingine ameoa. Karti ikiingia kwenye mashine, sindano zinashuka. Penye tundu sindano inapita, inagusa kikombe kidogo cha zebaki chini, umeme unazunguka, na mshale wa saa unasonga hatua moja. Umehesabu mtu. Januari 1889 alipata haki za uvumbuzi wake, akiwa na miaka 28, yaani umri wa wengi wetu hapa. Hesabu ya 1890, ya watu zaidi ya milioni 62, ilipita kwenye mashine zake. Kampuni aliyoanzisha mwaka 1896 iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikaitwa jina ambalo kila mtu wa informatiki analijua: IBM.

Ni hadithi nzuri ya akili. Lakini tazameni fomu yenyewe ya 1890, kwenye safu ya rangi. Waandikaji walitakiwa kuchagua: mweupe, mweusi, chotara, mwenye robo ya damu nyeusi, mwenye sehemu moja ya nane ya damu nyeusi, Mchina, Mjapani, Mhindi Mwekundu. Mwenye sehemu moja ya nane! Yaani baba au mama wa mmoja wa babu na bibi zako alikuwa mweusi, na serikali inataka kujua. Zebaki na sindano hazikuuliza hilo swali. Kabla ya mashine kuhesabu, kuna mtu aliyekaa mezani akaamua matundu yatakuwa mangapi na kila moja litakuwa na maana gani. Na ule uamuzi ulikuwa politike tupu, umevaa nguo za hesabu.

Sasa twende Ulaya, miaka 50 baadaye. Uholanzi ilikuwa nchi yenye makaratasi safi kuliko nchi nyingi. Kutokana na amri ya mwaka 1936, kila raia alikuwa na karti yake kwenye komine, na karti ilikuwa inamfuata akihama. Mtu aliyesimamia huo mpango aliitwa Jacob Lentz, mtumishi wa serikali, mwenye bidii, mpenda kazi kamilifu. Kwenye karti kulikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, kazi, na pia safu ya dini. Hakuna aliyeiweka ile safu kwa ubaya. Ilikuwa kazi ya kawaida ya utawala wa amani.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliingia. Karti zilikuwa zinawangoja kwenye kabati, zimepangwa vizuri. Januari 1941 wakaamuru Wayahudi wote wajiandikishe. Lentz hakuwa mfuasi wa Hitler. Alikuwa mtu anayependa kazi iwe kamili. Aliendelea kuifanya kuwa kamili. Alitengeneza hata karti ya utambulisho ngumu sana kughushi, iliyowatesa mno watu waliotaka kujificha. Mwisho wa vita, karibu Wayahudi 75 kwa kila 100 waliokuwa Uholanzi walikuwa wameuawa. Ufaransa walikuwa karibu 25 kwa 100.

Siwezi kusema tofauti hiyo yote ilitoka kwenye karti. Uholanzi ni nchi tambarare, ndogo, bila milima ya kujificha. Utawala wa Kijerumani ulikuwa mkali zaidi kule. Na Ufaransa watu wengi walipata njia ya kukimbilia kusini. Lakini Waholanzi wenyewe waliona hatari ya yale makabati. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943, kikundi cha wapinzani kikaingia katika nyumba ya kumbukumbu za raia ya Amsterdam, wamevaa kama mapolisi. Kati yao alikuwemo mchoraji Willem Arondeus na mchonga sanamu Gerrit van der Veen. Walinzi walichomwa sindano za usingizi, wakatolewa nje wakiwa wazima, kisha mabomu yakalipuka. Wazimamoto walichelewa kwa makusudi, halafu wakamwaga maji mengi kuliko moto ulivyohitaji, ili karti ambazo hazikuungua zioze. Pamoja na hayo, sehemu ndogo tu ya karti ndiyo iliyoharibika. Tarehe 1 Julai 1943 watu 12 walipigwa risasi, Arondeus akiwa mmoja wao.

Fikirieni hilo, ninyi mnaoandika programu. Watu walikufa ili kufuta safu moja ambayo mtu mmoja aliiweka bila kufikiri.

Ufaransa nayo ilikuwa na mtu wake wa karti: René Carmille. Alizaliwa mwaka 1886, akasoma École polytechnique, akawa mkaguzi mkubwa wa hesabu za jeshi. Alipenda mashine za matundu kama rafiki yangu anavyopenda simu mpya. Nchi iliposhindwa mwaka 1940, alibaki kazini chini ya serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Ujerumani. Novemba 1940 akapewa idara mpya ya demografia huko Lyon. Mwaka uliofuata ikawa idara ya taifa ya takwimu. Ni yeye aliyebuni namba ya tarakimu 13 kwa kila mtu: tarakimu ya kwanza 1 kwa mwanaume na 2 kwa mwanamke, kisha mwaka, mwezi na mahali pa kuzaliwa. Wafaransa wanaitumia namba hiyo mpaka leo kwa bima ya jamii.

Carmille hakuwa malaika. Katika ankete yake kubwa ya Julai 1941, swali la 11 lilikuwa linauliza: je, wewe ni wa asili ya Kiyahudi? Katika Algeria tarakimu ya kwanza ya namba yake iliongezwa maana: 3 na 4 kwa wenyeji, 5 na 6 kwa Wayahudi wa hapo, 7 na 8 kwa wageni. Mtu wa koloni alijulikana kabla jina lake halijasomwa. Sisi Wakongomani tunajua vizuri namna hiyo ya kuhesabu watu.

Lakini huyuhuyu Carmille alikuwa na kazi ya pili, ya siri. Alitumia karti zake kuandaa orodha za askari wa kuitwa siku Ufaransa itakaposimama tena, na alifanya kazi na mtandao wa wapinzani. Na orodha ya Wayahudi kutoka swali la 11 haikutoka kwenye mashine zake. Je, aliizuia kwa makusudi tangu mwanzo, au kazi ilikuwa nzito tu na mambo yakachelewa? Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Kisichobishaniwa ni mwisho wake: Februari 1944 alikamatwa Lyon, akateswa, akapelekwa kambi ya Dachau, na tarehe 25 Januari 1945 akafia huko.

Na tusidanganyike kwamba bila mashine mambo yangekuwa salama. Paris, Julai 1942, polisi wa Kifaransa walikamata karibu Wayahudi 13,000 kwa siku mbili. Hawakutumia karti za matundu za Carmille. Walitumia karti za kawaida za polisi, zilizoandikwa kwa mkono, zilizotokana na amri ya kujiandikisha ya mwaka 1940. Karatasi na kalamu vilitosha. Kwa hiyo swali langu kwa rafiki yangu halihusu ordinateri. Linahusu safu.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji hata kwenda Ulaya. Miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji kule Rwanda uliandika watu na kuwapa vitambulisho vyenye safu ya kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Yale majina yalikuwepo kabla ya Wabelgiji, ni kweli. Ila sasa yaliwekwa kwenye karatasi, yakagandishwa, mtoto akayarithi kwa baba yake kama anavyorithi shamba. Wabelgiji waliondoka mwaka 1962, safu ikabaki. Mikataba ya Arusha ya mwaka 1993 ilikubali kwamba kabila liondolewe kwenye vitambulisho. Waliandika, wakasaini. Aprili 1994 ilifika vitambulisho vya zamani bado viko mifukoni, na kwenye vizuizi vya barabara watu walikuwa wanaambiwa: toa karti. Baada ya mauaji ya kimbari, safu iliondolewa.

Safu haikumuua mtu. Watu waliua watu. Lakini yule aliyesimama kwenye kizuizi hakuhitaji kumjua jirani yake. Alihitaji tu kujua kusoma.

Sasa nije kwangu. Jambo langu ni dogo mno mbele ya haya yote, na sitaki mtu afikiri kwamba ninayalinganisha. Ninalisema kwa sababu ni hapo nilipoelewa.

Baada ya licence nilipata kazi ya muda: ankete ya wakulima upande wa Kabare, kwa ajili ya kugawa mbegu za maharagi kabla ya msimu A, ule unaoanza Septemba. Tulipewa tabuleti zenye fomu tayari. Swali la nne lilisema: "Je, shamba ni lako?" Ndiyo au Hapana. Ukibonyeza Hapana, fomu inakuambia asante kwa ushirikiano, inajifunga.

Kwa wasomaji wa mbali, nieleze. Katika Bushi kuna ardhi ya kalinzi, ambayo familia iliipata kwa chifu kwa malipo ya kimila, na watoto wanairithi. Na kuna bwasa: unakodi kipande kwa msimu au kwa mwaka, unalipa, unalima. Kwenye bwasa huruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa, kwa sababu mti unaokaa muda mrefu unaweza kuanza kudai ardhi. Unapanda maharagi, viazi, mahindi, unavuna, unatoka. Wanaolima bwasa ni wale wasio na ardhi, na wengi wao ni wanawake, hasa wajane. Yaani watu ambao kilo tano za mbegu zingewasaidia kuliko wote.

Siku ya kwanza mjane mmoja alisimama mbele yangu na jembe mkononi, miguu ina udongo mpaka magoti. Nikamuuliza swali la nne. Akasema hapana, ni bwasa. Nikabonyeza Hapana. Fomu ikajifunga. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mi nalima hapa miaka kumi na mbili. Mutaniandika wapi?"

Nikamjibu, "Mama, mashine haina hiyo nafasi."

Nilisikia maneno yakitoka kinywani mwangu na sikuyazuia. Ile ankete ilikuwa na lengo la watu 20 kwa siku, na jua lilikuwa linapanda. Nilipomaliza kijiji, nilikuwa nimefunga fomu za wanawake 11. Nilijua bwasa ni nini. Nilisoma miaka mitano, mwalimu wetu wa uchumi wa vijijini aliifundisha mpaka tukachoka. Sikumpigia simu msimamizi. Sikuandika hata mstari mmoja pembeni. Septemba mbegu zilifika, zikagawiwa kwa orodha, na orodha ilikuwa safi kabisa.

Miezi michache baadaye niligundua ni nani aliyetengeneza ile fomu. Ni rafiki yangu. Wenye kazi walimlipa, akaandika walivyotaka. Nilipomsimulia, alinyamaza muda, akasema, "Balinitumia maswali vile. Kuongeza nafasi ya tatu ya bwasa, ni dakika kumi. Lakini hakuna mwenye aliniambia."

Dakika kumi. Yeye hakujua bwasa, kwa sababu amekulia mjini. Mimi niliijua, lakini sikujua kwamba fomu inaweza kubadilishwa. Niliiona kama mvua, kitu kinachoshuka tu kutoka juu. Waliolipa hawakujua chochote kati ya hayo mawili. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na wanawake 11 wakakosa mbegu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, na siwaandikii mawaziri. Nchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Siku hesabu mpya itakapofanyika, fomu haitaandikwa na mzee wa mwaka 1984. Itaandikwa kwenye ordinateri na kijana wa umri wetu, itabebwa kwenye tabuleti na kijana mwingine anayehitaji dola za ankete, na itaulizwa kwa mama mwenye jembe mkononi. Mmoja wenu atakuwa katika hiyo safari. Akiwa anayeandika, ajiulize: hii safu inamsaidia nani, na keshokutwa, serikali ikibadilika au vita ikiingia, itakuwa mkononi mwa nani? Akiwa anayebeba tabuleti, asiseme kama mimi nilivyosema. Apige simu.

Rafiki yangu hajageuka mtu wa politike. Bado anasema mashine haina chama. Ila wiki iliyopita alinitumia fomu mpya, ya shirika lingine, mbegu tena, akaandika tu: "Soma mbele sijaituma." Niliisoma usiku kwa mwanga wa simu. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, bwasa haimo. Akaiongeza palepale. La pili, swali la 6 linauliza kabila. Nikamuuliza, kabila litaisaidia nini maharagi kuota?

"Benye kulipa njo banaitaka," akajibu.

"Uliwauliza sababu?"

Hakujibu mpaka asubuhi. Asubuhi aliniambia amewaandikia, kwa heshima, kuwauliza ile safu ni ya kazi gani. Wanaweza kukasirika, wakampa mtu mwingine kazi, na yeye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Mpaka ninapoandika haya, hawajamjibu. Ninyi mngekuwa yeye, na jibu likaja kwamba safu ibaki, mngefanya nini?